Fika Asubuhi, Anza na Watoto

Mara ya kwanza nilipokwenda kutazama mashindano ya jozi za kuteleza barafuni, hapa Ujerumani ninakoishi, nilifika saa mbili usiku, zamu ya wakubwa. Nilikuwa nimelipia kiti cha mbele kabisa na nimejiandaa kushangaa. Jozi ya kwanza ilinishangaza. Ya pili pia. Ilipoingia ya tano, nilikuwa nasinzia. Kila mwanamume alimbeba mwenzake juu, kila mwanamke alirushwa akatua, kila muziki uliishia kwa mikono iliyoelekezwa darini. Alama zikatangazwa, watu wengine wakashangilia, wengine wakaguna, nami nikatoka bila kujua kwa nini hawa wameshinda na wale wameshindwa.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa kutumwa. Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa anashindana upande wa mtu mmoja mmoja, na mama yake alikuwa zamu kazini. Mjomba akakabidhiwa begi la viatu. Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tumeshafika, na kwa kuwa zamu ya mtoto ilikuwa alasiri, tukaketi tukatazama jozi za watoto, kisha za vijana, na usiku zile za wakubwa. Siku ile ndipo macho yalipofunguka. Nilichokuwa nimekosa mwaka wa kwanza ni asubuhi.

Basi ushauri wangu naanza nao hapa hapa, ili hata ukiishia kusoma aya hii uwe umepata kitu: ukitaka kuwaelewa mabingwa, anza na watoto. Bingwa kazi yake ni kukuficha ugumu. Mtoto bado hajui kuficha. Kila hatua anayohesabu kichwani utaiona mdomoni mwake, na kila hofu utaiona magotini. Ukishajua kazi ilipo kwa mtoto, ndipo utakapojua bingwa ameificha wapi.

Jua kwanza unachotazama

Kuna mashindano mawili ya watu wawili wawili barafuni, na wageni huyachanganya. Moja ni dansi ya barafuni: humo ngoma na nyayo ndiyo roho ya mchezo, hakuna kurushana, na mwanamume haruhusiwi kumbeba mwenzake kwa mikono iliyonyooshwa juu ya kichwa. Jingine ni jozi, na humo yote hayo yamo. Ratiba ya siku huwa na yote mawili, kwa hiyo isome kabla hujakata tiketi.

Jozi za vijana na za wakubwa hucheza mara mbili. Kuna programu fupi, ambayo kwa wakubwa ni dakika 2 na sekunde 40, yenye vipengele vya lazima. Kisha, kwa kawaida siku nyingine, huja programu huru, dakika 4 kwa wakubwa na dakika 3 na nusu kwa vijana. Ndani yake utakuta mambo yale yale yakipangwa kwa namna tofauti: kubebana juu, mwanamke kurushwa akazunguka hewani na kudakwa, mwanamke kurushwa akatua mwenyewe, kuruka sambamba, kuzunguka papo kwa papo, na ule mzunguko wa chini uitwao spirali ya kifo, ambapo mwanamume husimika meno ya kiatu chake barafuni kama kigingi na mwanamke humzunguka amelala karibu na barafu, wameshikana mkono mmoja.

Mchezo huu si wa jana. Jozi zilikuwamo kwenye Olimpiki ya London ya mwaka 1908, na washindi walikuwa Wajerumani, Anna Hübler na Heinrich Burger. Lakini kurushana na kubebana kama tunavyokuona leo kumekuja polepole. Mengi ya spirali ya kifo, kwa mfano, tunadaiwa na Ludmila Belousova na Oleg Protopopov wa Umoja wa Kisovyeti, mke na mume walioshinda Olimpiki mwaka 1964 na tena 1968, wakaongeza namna tatu mpya za kuizunguka.

Mavazi, kiti na chupa ya chai

Ukumbi wa barafu ni friji lenye viti. Nusu saa ya kwanza utajiona shujaa, na saa ya tatu utakuwa husikii vidole vya miguu. Vaa soksi mbili, viatu vya soli nene, na uje na kitu cha kukalia, kwa sababu baridi inayopanda kutoka kwenye benchi huuma kuliko ile inayoshuka. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto itakufaa kuliko koti la tatu. Kila baada ya makundi kadhaa barafu hulainishwa upya kwa mashine, na hiyo ndiyo nafasi yako ya kwenda msalani au kunyoosha miguu nje.

Kuhusu kiti, usirudie kosa langu. Mstari wa mbele kabisa huonyesha kasi na jasho, lakini huficha umbo. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60 na upana wa hadi mita 30, na jozi nzuri huutumia wote. Panda juu kidogo, katikati ya upande mrefu, upande ule ule wanaokaa majaji ukipata nafasi, maana programu hutungwa zikielekea kwao. Kutoka juu utaona alama zinazochorwa na viatu na duara la spirali likifunga au likipinda kama chapati ya mwanafunzi. Kisha kundi moja, liwe lolote, shuka ukalitazame karibu na ukingo. Televisheni haiwezi kukupa ule upepo wa watu wawili wakipita mbele yako kwa kasi ya baiskeli inayoteremka mlima, wameshikana mikono.

Asubuhi: tazama nafasi iliyo kati yao

Kwa watoto wa ngazi za chini usitafute maajabu ya angani. Kanuni zenyewe huwabana: kubebana hubaki chini, mirusho ni ya mzunguko mmoja au miwili, programu ni fupi. Hilo lisikufanye ushike simu. Hapa ndipo unapojifunza mambo matatu yatakayokufaa siku nzima.

La kwanza ni nafasi iliyo kati ya miili miwili. Watazame wakiteleza tu, kabla ya jambo lolote. Je, wako karibu kiasi cha kugusana, au kuna mwanya wa kupitisha mkokoteni? Wakizunguka sambamba, wanazunguka kama pangaboi mbili zilizowashwa kwa swichi moja, au mmoja anamfukuza mwenzake? Kukaa karibu ni hatari. Chuma cha kiatu kinakata, na mwenzako anakizungusha usawa wa paja lako. Watoto huachiana nafasi kubwa kwa sababu wanaogopana, na wana haki. Kadiri ngazi zinavyopanda, mwanya huo hupungua. Upime kwa macho kuanzia asubuhi.

La pili ni magoti. Anayeteleza kwa goti lililokunjwa husukuma barafu. Anayeteleza kwa goti lililonyooka huisukuma kidogo, kisha hutegemea bahati. Jozi ni sawa na ngalawa: tanga likimzidi mmoja, chombo kizima huyumba. Ukiona mmoja anapiga hatua tatu pale mwenzake anapopiga mbili, hapo kuna anayevuta na anayevutwa.

La tatu niliambiwa na mpwa wangu. Nilikuwa nimekodoa macho kama mkaguzi wa mizigo, akanigusa bega. “Mjomba, funga macho kwanza.” Nikafunga. “Unasikia nini?” Nilisikia muziki, na chini yake sauti kama ya mtu anayekwangua sufuria. “Huyo ndiye anayeshika breki,” akasema. Jozi iliyofuata karibu haikuwa na sauti, ila mvumo mwembamba kama wa kitambaa kinachochanwa taratibu. Nilipofungua macho nikaona walikuwa na kasi kuliko wale wa kwanza. Chuma cha kiatu kina unene wa milimita 4 hivi, na katikati kimechimbwa mfereji unaoacha kingo mbili, ya ndani na ya nje. Anayeegemea ukingo mmoja sawasawa hukata barafu kimya. Anayeuburuza huikwangua. Tangu siku ile mimi hufumba macho kidogo kwa kila jozi ngeni.

Asubuhi ile palikuwa na wavulana na wasichana wadogo ambao nimeshayasahau mavazi yao, isipokuwa jozi moja. Mvulana alikuwa na miaka kama kumi na mitatu, msichana mdogo kidogo. Walirushana, mzunguko mmoja, na msichana akatua vibaya akakaa kitako. Mvulana hakusimama, wala hakugeuka kumtazama. Alichofanya ni kuupanua mpindo wake, akateleza mbali kidogo kuliko ilivyopangwa, mkono wa kushoto ameuacha nyuma, kiganja wazi. Msichana akanyanyuka, akapiga hatua nne za haraka, akautia mkono wake pale ulipokuwa unangojewa, na wakaingia kwenye kipengele chao kinachofuata bila kupitwa hata na mdundo mmoja. Ukumbi haukupiga makofi, maana watu walikuwa bado wanasikitikia kuanguka. Mimi nilikuwa nimeona mchezo wenyewe. Ukienda, tafuta mikono ya namna hiyo.

Mchana: tazama kupanda na kutua

Jozi za vijana ndizo zenye mashaka makubwa kuliko zote, na hivyo ndizo zenye somo kubwa. Miili inabadilika katikati ya msimu. Msichana aliyebebwa kwa wepesi mwaka jana amerefuka sentimita kadhaa. Mvulana amepata mabega lakini bado hajajua yalipo. Wengi wametoka kwenye kuteleza peke yao na wana miezi michache tu na mwenzao mpya. Kwa hiyo usiwapime kwa ukubwa wa jambo wanalojaribu. Wapime kwa namna wanavyoliingia na kulitoka.

Chukua kubebana juu. Macho ya mgeni hukimbilia kileleni, pale mwanamke anapokuwa juu amejikunjua. Lakini kila aliyewahi kuchota maji anajua kwamba ndoo ikishakaa kichwani haina shida tena. Shida ni kujitwisha na kutua. Mwanzoni, hesabu hatua za maandalizi: jozi inayobabaika husimama kidogo, hushikana, hupumua, ndipo hunyanyua. Jozi iliyokomaa hunyanyua ikiwa bado inatiririka, na huwezi kusema hasa ilipoanza. Juu, tazama miguu ya mwanamume. Anapaswa kuzunguka huku akisafiri, akibadilisha miguu kwa wepesi. Akibaki anajisokota mahali pamoja, mzigo umemzidi. Mwishoni, tazama mguu wa mwanamke unavyogusa barafu. Ukigusa na kuendelea kuteleza, maji hayakumwagika. Ukigusa kwa kishindo, mwili ukasimama, ndoo imetuliwa kwa kubwaga.

Vivyo hivyo kwa mrusho wa kudakwa, ambapo mwanamke hurushwa juu akazunguka hewani. Ni kama mjomba anavyomrusha mtoto sebuleni, ila huyu mtoto anajisokota mara mbili au tatu kabla hajashuka. Tazama anapodakwa. Mikono ikimpokea kiunoni angali juu, na kumshusha taratibu, ni kazi safi. Akianguka kifuani mwa mwenzake au kumwangukia begani, ujue walichelewa. Na kama mwanamume ana muda wa kuiteremsha mikono pembeni kabla ya kuinyanyua tena kudaka, hapo urefu wa mrusho umekuwa wa kutosha, na watu wa ufundi, wale wanaotaja ugumu wa kila jambo, wameandika.

Ushauri mmoja wa ziada kwa zamu hii: usikose mazoezi ya mwisho, yale ya dakika chache ambapo jozi zisizozidi 4 hupasha mwili pamoja uwanjani. Utaona nani anajaribu jambo gumu mara tatu na kushindwa, nani analikwepa kabisa, na nani hasemezani na mwenzake. Mara nyingi matokeo hujitangaza pale.

Usiku: sasa tafuta kilichofichwa

Ukifika kwa wakubwa ukiwa na macho hayo ya asubuhi, uwanja ni ule ule lakini unaonekana mwingine. Mwanya kati yao umekuwa wa kiganja. Maandalizi hayaonekani. Chuma hakipigi kelele. Unaanza kushangaa kwa sababu unajua kilichotakiwa kuonekana na hakikuonekana.

Kwa mirusho ambayo mwanamke hutua mwenyewe, usiridhike kwamba ametua. Tazama umbali aliosafirishwa na jinsi anavyotoka: mguu mmoja, akirudi nyuma, goti likipokea uzito, mwili ukiendelea kwa kasi. Hapa ndipo hatari ilipo. Kwenye Olimpiki ya Torino mwaka 2006, Zhang Dan wa China alirushwa na mwenzake Zhang Hao kwa mizunguko minne, akaanguka na kuumia goti. Mchezo ukasimama, kisha wakarudi wakaumaliza, na wakapata medali ya fedha.

Kuruka sambamba ndiko kunakopoteza mashindano mengi, maana hakuna wa kumbeba mwenzake: kila mmoja yuko peke yake, na kosa la mmoja ni la wawili. Mwaka 2018 kule Pyeongchang, Aljona Savchenko na Bruno Massot wa Ujerumani walipungukiwa hapo kwenye programu fupi. Massot alizunguka mara mbili badala ya tatu, wakashika nafasi ya nne. Siku iliyofuata walipata alama 159.31 kwenye programu huru, rekodi ya dunia wakati huo, wakaipita jozi ya China kwa alama 0.43 kwa jumla. Aliyezima televisheni baada ya programu fupi alijikosesha mengi. Kwa hiyo ukinunua tiketi ya siku moja tu, nunua ya programu huru.

Alama zisikutie kichefuchefu

Zamani majaji walitoa alama zinazoishia 6.0, na hapakuwa na wa kueleza vizuri kwa nini. Mwaka 2002 kule Salt Lake City, ubishi kuhusu jozi za Urusi na Kanada ulikuwa mkubwa hata dhahabu ya pili ikatolewa, na baada ya hapo mfumo ukabadilishwa.

Sasa hivi kazi imegawanywa. Jopo la ufundi hutaja kila jambo lililofanywa na daraja la ugumu wake, likirudia picha palipo na shaka. Kila jambo lina thamani yake ya msingi. Majaji, ambao kwenye mashindano makubwa huwa 9, huongeza au hupunguza kwa kiwango cha kuanzia -5 hadi +5 kulingana na ubora. Kisha hutoa alama za programu nzima kwa mambo matatu: muundo, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Akianguka mmoja hukatwa alama 1, wakianguka wote wawili hukatwa 2. Ndiyo sababu jozi iliyoanguka huweza kuishinda iliyosimama: kilichobaki kilikuwa kizito zaidi. Usigune kabla hujakumbuka hilo.

Na umri usikupotoshe. Mwaka 2024 mjini Montreal, ubingwa wa dunia ulikwenda kwa Deanna Stellato-Dudek na Maxime Deschamps wa Kanada. Mwanamke huyo alikuwa na miaka 40, na alikuwa ameachana na barafu kwa miaka 16 kabla ya kurudi.

Adabu za jukwaani

Usitembee wala kusimama programu ikiendelea. Usipige picha kwa taa, maana anayezunguka hewani anahitaji macho yake. Nyamaza muziki unapokaribia kuanza. Mtu akianguka, makofi ni ya kumwinua, na watoto uwapigie mara mbili ya wakubwa. Zawadi zinazotupwa uwanjani ziwe zimefungwa vizuri: jani moja la ua likinata kwenye barafu linaweza kumwangusha mtoto wa zamu inayofuata. Na usimkosoe mtu kwa sauti. Mwanamke aliyekaa mbele yako huenda ndiye mama yake.

Kwa walio mbali na barafu

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atasema haya ni ya huko kwenye theluji. Nairobi kulifunguliwa uwanja wa barafu hotelini Panari mwaka 2005, kwa hiyo barafu si ngeni kabisa kwetu. Na mchezo wenyewe una damu yetu. Tafuta video za Robin Szolkowy, aliyezaliwa Greifswald mwaka 1979, mama Mjerumani na baba Mtanzania. Pamoja na huyo huyo Savchenko alitwaa ubingwa wa dunia mara 5 kati ya 2008 na 2014, na medali za shaba kwenye Olimpiki mbili. Ukiwatazama, fanya zoezi hili: mara ya kwanza tazama wote wawili. Mara ya pili mfuate Szolkowy peke yake, miguu yake tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Mara ya tatu zima picha usikilize. Halafu tafuta video ya jozi yoyote ya watoto, uifanyie hivyo hivyo.

Usiku ule, mimi na mpwa wangu tulikaa hadi jozi ya mwisho. Mwanamke alitua kutoka kwenye mrusho kwa kuyumba, mkono ukigusa barafu, na akachelewa kidogo. Mwanamume alikuwa ameshapita. Hakugeuka. Aliupanua mpindo, akauacha mkono wa kushoto nyuma, kiganja wazi, na mkono wa mwenzake ukaingia humo kwa wakati wake. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili.

Nilichomwa na kiwiko ubavuni. “Mjomba, umeona?”

“Nimeona.”